Ufunguo wa Bomba Uko kwa Nani?

ATU: Kamwene, wasikilizaji wetu.

BABA IMANI: Kamwene. Ila wewe leo, dada Atu, tangu umeingia sijasikia hata hiyo "ndaga", asante yenu ya Tukuyu.

ATU: Nina jambo linanichoma, baba Imani. Jumamosi akina mama wa usharika tulikwenda Kilolo, kwenye ile shule ya msingi tuliyokuwa tunaichangia. Mradi umekabidhiwa. Maji ya mserereko: yanakingwa kwenye chemchemi kule mlimani, yanashuka mpaka kwenye tenki, halafu kwenye koki za shule. Hakuna pampu, hakuna umeme.

BABA IMANI: Bwana asifiwe. Maana wale watoto na madumu yao asubuhi...

ATU: Kabla hata ya mchakamchaka! Dumu la lita tano kichwani, mgongo umelowa, na Juni ya Kilolo unaijua.

BABA IMANI: Unaandika huku vidole vimekufa ganzi. Nimesoma huko.

ATU: Basi mchungaji kaomba, kwaya imeimba, watoto wakanawa mikono mpaka walimu wakawaambia inatosha. Mimi nililia. Sasa nje ya uzio kuna koki moja ya wanakijiji. Kufuli. Bibi mmoja kaja na ndoo, kaishika ile kufuli, kageuka zake kwenda mtoni.

BABA IMANI: Ufunguo ulikuwa kwa nani?

ATU: Kwa katibu wa jumuiya ya watumia maji.

BABA IMANI: Na katibu alikuwa wapi?

ATU: Ilula. Kapeleka nyanya.

BABA IMANI: (anacheka) Nilijua tu! Mtu akishakabidhiwa ufunguo wa bomba, nyanya zake zinaiva siku hiyohiyo. Kwetu ulikaa kwa mhazini. Ukimwuliza, yuko Mafinga kwenye mbao. Ukimkosa Mafinga, yuko msibani.

ATU: Na ukimfuata msibani?

BABA IMANI: Ufunguo kauacha kwenye koti jingine. (Wanacheka wote.)

ATU: Lakini yule bibi hakucheka, baba Imani. Zile ni hela za akina mama waliouza vitumbua na viazi. Ni sadaka. Mathayo 10:42 inazungumzia kikombe cha maji ya baridi, na hakuna pale panapotajwa bei. Nikauliza kwa nini koki imefungwa, nikaambiwa wanasubiri kikao kipange kama ndoo itakuwa shilingi hamsini. Nikasema hapana. Koki ile ifunguliwe, watu wachote bure.

BABA IMANI: Hapo tunaachana, dada yangu.

ATU: Najua.

BABA IMANI: Nchi hii imeshajaribu maji ya bure. Mwaka 1971 ulianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, ifikapo 1991 kila mwananchi awe na maji safi ndani ya mita 400. Huku kwetu Wadenmark kupitia shirika lao la misaada, Danida, walijenga miradi mingi miaka ya 1980, Iringa, Mbeya mpaka Ruvuma. Tembea vijijini uone vituo vya kuchotea vilivyobaki nguzo tu. Kilichokosekana ni hela ya kubadilisha koki.

ATU: Ila haya ni ya mserereko. Hayanunui dizeli.

BABA IMANI: Yananunua bomba! Mvua za Machi zikishuka, majani na mchanga vinaziba chanzo. Nani anapanda mlima kuzibua? Kimpira cha ndani ya koki kinaisha, bomba linapasuliwa na jembe. Ukisema shule ilipe, ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu yake inakuja kama vitabu. Hapo kuna chaki, mitihani, ukarabati. Fundi utamlipa na nini?

ATU: Basi alipe anayefanyia biashara. Mwenye mgahawa, mwenye kufyatua tofali, huyo anamaliza tenki peke yake. Ndoo ya bibi ya kunywa na kupikia iwe bure.

BABA IMANI: Na nani atasema huyu bibi hana na yule anayo?

ATU: Mkutano wa kijiji. Si ndio unaopitisha kaya maskini za kusaidiwa na TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii?

BABA IMANI: Na majina yale yanaleta ugomvi mpaka leo! Utaona tajiri anamtuma mama yake mzazi na ndoo kumi. Shilingi hamsini ni ndogo, kila mtu alipe, mradi uishi.

ATU: Ndogo kwako. Bibi akichota ndoo nne kwa siku ni mia mbili, kila siku. Ataenda mtoni, na wajukuu zake, ambao ndio wanafunzi wa shule ile, watakunywa ya mtoni nyumbani. Tutakuwa tumewasaidia nini?

BABA IMANI: Na bomba likifa, mtoni wanakwenda wote. Mimi siondoki hapo.

ATU: Wala mimi.

BABA IMANI: Haya, tukubaliane hata ufunguo. Akae nao nani?

ATU: Mwalimu mkuu.

BABA IMANI: Kaitwa kikao wilayani.

ATU: Mwenyekiti wa kitongoji.

BABA IMANI: Yuko kwenye pombe ya ulanzi. (Wanacheka.)

ATU: Mzee wa kanisa!

BABA IMANI: Kasindikiza posa Njombe.

ATU: Basi mama anayewapikia watoto uji. Yule kila siku yupo, anawahi kuliko wote, na bila maji hana uji.

BABA IMANI: ...Huyo nampitisha. Lakini apewe na daftari la kukusanyia ada.

ATU: Daftari hapana! Unaona sasa? Fundi mitambo anatuonyesha saa.

BABA IMANI: Na tuliahidi mambo matatu: kutibu maji, kunawa mikono, kulinda chanzo.

ATU: Hata moja hatujagusa.

BABA IMANI: Niseme la chanzo haraka. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 ya chanzo cha maji. Mikaratusi iliyopandwa juu ya chemchemi zetu inakunywa kabla yetu, kwa hiyo...

ATU: Baba Imani, muda. Yote matatu wiki ijayo. Mlio kwenye kamati za maji, tutumieni sauti mtuambie kwenu bibi analipa au halipi.

BABA IMANI: Na taja ni nani anazibua chanzo, na analipwa na nani.

ATU: Haya, ndaga fijo.

BABA IMANI: Kwaherini.