Assisi: Kagueni Lipu Kwanza

Ndugu mahujaji, ratiba yenu nimeiona. Assisi, huko Italia: Misa, kaburi la Mtakatifu Fransisko, duka la rozari, basi. Kanisa la Juu la basilika, lenye picha 28 za maisha yake ukutani, mmelitengea dakika kumi. Haya. Basi leo tuzungumze chokaa.

Ndiyo, chokaa, tena mwaka huu. Msigune. Picha zile ni freski: rangi haikupakwa juu ya ukuta uliokwisha, imo ndani ya lipu yenyewe. Asiyelielewa hilo anarudi nyumbani akiwa ameona kalenda kubwa.

Chokaa inazimwa kwa maji, kisha inalazwa shimoni miezi na miezi. Kwa nini ilazwe? Punje ambayo haikuzimika itazimikia ukutani. Itavimba, itarusha kipande cha lipu, na malaika atabaki na shimo shavuni. Mafundi wa Lamu na Unguja waliochoma matumbawe wanalijua hili. Wanajua pia kwamba mchanga wa ufukweni ni balaa: unyevu ukipita, chumvi inatokeza juu na kubandua lipu.

Lipu ya kwanza ni nene na ya kukwaruza, ili ya pili ipate pa kushika. Hiyo ya pili ni nyembamba, milimita chache, chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu moja au mbili, na hupigwa pale tu patakapochorwa siku ile. Wataliano wanakiita kipande hicho giornata, kazi ya siku. Rangi imesagwa kwa maji matupu, bila gundi. Lipu mbichi inainywa. Kisha chokaa inavuta hewa ukaa, inarudi kuwa jiwe, na rangi inafungwa humo. Fundi ana saa chache tu. Akiwahi mno, brashi inachimba lipu. Akichelewa, rangi inabaki unga, ukipitisha kidole inakufuata. Jioni anakata kwa mwiko pale alipoishia, ukingo wa mshazari, kesho aunganishie hapo. Na anashuka kutoka juu kwenda chini, asije akadondoshea lipu kazi ya jana.

Sasa fanyeni hivi: msisimame mbele ya picha, simameni ubavuni. Mwanga ukipita kwa mshazari mtaiona mishono. Mara nyingi kichwa kimoja kimezungushiwa mshono wake peke yake, na kipande kikubwa cha anga kimemalizwa kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo mnajua fundi aliona kazi iko wapi.

“Lakini sisi tunakwenda kusali, si kukagua lipu.” Nilijua litakuja. Haya, nendeni picha ya 13: Fransisko na pango la Noeli kijijini Greccio, mwaka 1223. Msalaba ulio juu mnauona mgongoni, mbao zake za kuushikilia zikiwa wazi. Maana yake mchoraji amewasimamisha ninyi ndani, upande wa altare, pamoja na mabruda wanaoimba; wanawake wa kijiji wamebanana mlangoni wanachungulia. Amewapa nafasi ambayo wale hawakuwa nayo. Salini hapo, nani kawazuia? (Na msiniulize kama ni mkono wa mchoraji Giotto. Wataalamu wanabishana hadi leo, nasi tuna basi la kuwahi.)

Halafu mchoraji Cimabue, mkono wa kushoto wa altare, Yesu msalabani. Nyuso nyeusi, nguo nyeusi, kama negativu ya picha. Viongozi wa misafara husingizia moshi wa mishumaa. Si moshi! Ni rangi nyeupe ya madini ya risasi: ukutani hubadilika kikemia ikawa nyeusi. Nyeupe salama kwenye freski ni ya chokaa. Buluu ya azuriti, jiwe la kusagwa, nayo haipatani na lipu mbichi, hubandikwa kwa gundi ukuta ukishakauka, ndiyo maana inakuwa ya kwanza kupukutika.

Sehemu za dari nazo zilianguka katika tetemeko la Septemba 26, 1997, zikaua watu wanne. Ningependa kueleza vipande viliunganishwaje, ila naoneshwa saa.

Upesi basi. Mabega na magoti yafunikwe. Kupiga picha ndani hairuhusiwi, simu ikae mfukoni. Kanisa la Chini lina giza: tulieni dakika chache macho yazoee, kisha tafuteni picha za Pietro Lorenzetti. Msalaba wa kanisa dogo la San Damiano hauko San Damiano, uko kanisa la Mtakatifu Klara. Stesheni ya treni iko chini bondeni, Santa Maria degli Angeli. Kupanda mjini ni basi.

Na moja tu la mwisho. Picha ya kwanza, ukuta wa kulia, jirani na altare, ina hekalu la Minerva, mungu wa kike wa Warumi. Hesabuni nguzo: tano. Kisha nendeni Piazza del Comune, uwanja wa katikati ya mji, hekalu lenyewe bado limesimama. Hesabuni tena: sita.

Haya, huyo aliyenyoosha mkono. Kama ni swali la duka la rozari, ushushe.