Nani Anakohoa?

BARAKA: Karibuni tena. Leo ni namna ya kumsaidia mzee kutoa makohozi kifuani. Dada Zuhura macho yamemvimba, na safari hii si kwa sababu ya mpira.

ZUHURA: Siku nne nimelala kwa babu. "Nimelala" nasema kwa heshima tu. Mnamjua babu. Saa nane usiku namsikia kifua kinatokota kama birika, anakohoa, anakohoa, hakitoki kitu. Naingia: "Pole babu, kikohozi kimekukamata." Ananikodolea macho. "Nani anakohoa?"

BARAKA: (anacheka) Kumbe chumbani mlikuwa watatu.

ZUHURA: Amelala chali, mto mmoja mwembamba. Nikamkalisha, nikamshindilia mito mgongoni. Dakika 10 hazijapita, donge hilo kwenye kopo. Jeupe, linanata kama gundi.

BARAKA: Mnaokula, mtusamehe.

ZUHURA: Kopo lina mfuniko, kuleni.

BARAKA: Tuliahidi mambo matano. La kwanza ni namna ya kukohoa. Mzee wa miaka 84 misuli ya kifua imechoka, na vile vinyweleo vya kwenye njia ya hewa vinavyosukuma makohozi juu havina kasi tena. Akikohoa kwa kujikaza mfululizo, njia zenyewe zinajibana, anabaki hoi. Mama yangu alifundishwa na mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, ile mbinu ya kioo.

ZUHURA: Hiyo ya kioo ndiyo iliyoniharibia wiki.

BARAKA: Si nilikueleza vizuri? Pumzi ya wastani, mdomo wazi, unaitoa kwa mkupuo: haa! Kama unayetaka kioo kishike ukungu. Mara mbili tatu, unapumzika, makohozi yakifika juu unakohoa mara moja.

ZUHURA: Nikampa kioo chenyewe, cha kunyolea. Akapiga haa. Akautazama ukungu, akaufuta kwa kiwiko cha shati, akaona ndevu. "Zuhura, wembe."

BARAKA: Hapana!

ZUHURA: Nusu saa! Haa, anafuta, shavu la kushoto. Haa, anafuta, shavu la kulia. Na kweli, alipofika kidevuni makohozi yakapanda yenyewe, akatema, akaendelea kunyoa kama si yeye. Kesho yake asubuhi: "Kioo changu kiko wapi?" Unataka kukohoa, babu? "Nani anakohoa? Nanyoa." Na kidevu hakina hata unywele mmoja.

BARAKA: Haa!

ZUHURA: Usinitemee maikrofoni.

BARAKA: Haa! Naona ndevu zangu.

ZUHURA: Huna ndevu. Endelea, la pili.

BARAKA: La pili, maji. Mwili ukikauka makohozi yanakuwa mazito, hata haa mia haziyatoi.

ZUHURA: Babu hagusi maji. Anasema akinywa ataamka kukojoa, akiamka gizani ataanguka. Nikachemsha maji, nikatia asali, nikaacha yapoe kidogo, nikamwambia ni dawa ya kifua. Anamaliza vikombe vitatu kwa siku.

BARAKA: Umemdanganya. Na sukari je?

ZUHURA: Hana. Moyo na figo nilimuuliza daktari wake kwanza, maana kuna wazee wanaopimiwa maji. Babu hajapimiwa.

BARAKA: Hapo sawa. Lakini hiyo unayoiita dawa si dawa. Siku akigundua, hata kidonge cha kweli atakitema. Na hofu yake ni ya maana, mzee akianguka ni balaa. Mnyweshe zaidi mchana, jioni punguza, acha taa njiani.

ZUHURA: Taa niliwasha, akaizima. Inampiga machoni.

BARAKA: Basi kaa naye mzungumze.

ZUHURA: Kaa naye wewe, saa nane usiku, kifua kikitokota.

BARAKA: Mama yangu alijua kila alichokunywa.

ZUHURA: Mama yako anakiri kwamba anakohoa!

BARAKA: Ni mtu mzima, Zuhura. Si mtoto wa kufichiwa dawa kwenye kijiko.

ZUHURA: Na ndiyo, asali imemsaidia. Sitaomba radhi.

BARAKA: Sikubali.

ZUHURA: Usikubali.

(kimya)

BARAKA: Naonyeshwa vidole viwili hapa. Dakika mbili?

ZUHURA: Mbili, na tuko la pili.

BARAKA: La tatu lilikuwa kupaliwa wakati wa kula...

ZUHURA: Hilo linataka kipindi chake. Sema dawa ya maji ya kikohozi.

BARAKA: Zile za kuzima kikohozi, kama kina makohozi, msimpe kabla ya kuuliza. Mnafunga mlango, mwizi yumo ndani. Na msimfunike shuka juu ya sufuria ya maji yanayochemka, mikono inatetemeka ile.

ZUHURA: Na ya kukimbilia hospitali. Damu, kuhema kwa shida, midomo kugeuka rangi. Au amechanganyikiwa ghafla, hata kama hana homa, maana wazee nimonia huwaingia bila joto kupanda.

BARAKA: Kikohozi kikipita wiki 2, apimwe kifua kikuu. La nne...

ZUHURA: Hakuna la nne. Simu yangu inalia, ni babu. Haloo? ... Kiko kabatini, babu, rafu ya juu. ... Wembe sikupi mpaka nifike. ... Haya, haya. Hakuna aliyesema unakohoa.