Operesheni Imekwisha, Hatari Bado: Mtoto Mwenye Moyamoya

MADO: Karibuni tena kwenye kipindi chetu, tuko hapa Lubumbashi, na mdogo wangu Kazadi yuko nami. Leo tunarudi kwa watoto wa drepano, yaani ugonjwa wa seli mundu, ila kwa upande wa ubongo.

KAZADI: Asante, yaya. Kuna mama wa Katuba, hapa mjini, ametuandikia. Mwanawe ni SS, yaani amerithi drepano kwa wazazi wote wawili, na alipasuliwa kichwa nje ya nchi kwa sababu ya moyamoya. Kidonda kimekauka vizuri. Anauliza: aspirini, ile anayopewa damu isigande, si aache sasa?

MADO: Mama, tafadhali, usiiache kabla munganga aliyempasua hajasema. Kwenye moyamoya, mishipa mikubwa inayopeleka damu mbele ya ubongo inazidi kuziba. Mwili unachipusha vimishipa vidogo vya kusaidia. Kwenye picha vinaonekana kama moshi. Wajapani waliueleza mwaka 1957, na kwao ni mwingi. Sisi huku tunakutana nao zaidi kupitia drepano.

KAZADI: Na operesheni inafanya nini hasa?

MADO: Kwa watoto, mara nyingi wanachukua mshipa wa ngozi ya kichwa, ule unaodunda ukigusa mbele ya sikio, wanaulaza juu ya ubongo. Hawauungi. Ubongo wenye njaa ya damu ndio unavuta mishipa mipya kutoka pale, na hiyo inachukua miezi. Iko njia ya kuunga moja kwa moja, damu ikapita siku hiyohiyo, lakini mishipa ya mtoto mdogo ni myembamba mno.

KAZADI: Kumbe anatoka ameshonwa, na damu ya ubongoni bado ni ileile!

MADO: Ndiyo hapo wazazi wanapojiachia mapema. Wapasuaji wa Boston, Marekani, walitoa ripoti mwaka 2004 ya watoto 143 waliopasuliwa. Ndani ya siku 30, kiharusi kilitokea kwa karibu 4 kati ya kila pande 100 za kichwa zilizopasuliwa. Lakini kati ya 126 waliofuatiliwa zaidi ya mwaka mmoja, ni 4 tu waliopata kiharusi baadaye. Kwa hiyo operesheni inafaa, tena sana. Ni ule mwezi wa kwanza unaonitia hofu.

KAZADI: Kinacholeta kiharusi ni nini?

MADO: Maji kupungua mwilini, presha kushuka, maumivu, kilio.

KAZADI: Kilio?

MADO: Mtoto akilia sana anapumua mbiombio, anatoa kaboni dioksidi nyingi, na mishipa ya ubongo inajibana. Ndiyo maana wanampa dawa ya maumivu kabla ya kugusa bandeji, na maji ya mshipani tangu usiku wa kuamkia operesheni. Huyu wa SS anaongezewa damu kwanza.

KAZADI: Kule kwetu Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, kuna mtoto wa jirani mwenye ugonjwa huu. Alikuwa anapuliza uji wa moto, kijiko kikamponyoka, mkono wa kushoto ukaning'inia tu. Baada ya muda akakiokota mwenyewe, akaendelea kula. Bibi yake akasema ni usingizi.

MADO: Kupuliza nako ni kupumua mbiombio. Na mkono ukirudi, usiseme yamepita: hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama anacheza. Vilevile mdomo ukienda upande, au maneno yakimkwama. Akitapika au akiharisha, usingoje kesho, na hasa joto letu la Oktoba. Anahitaji maji ya mshipani.

KAZADI: Upande mmoja ukipasuliwa, wa pili je?

MADO: Mara nyingi pande zote mbili zinaugua. Wengine wanapasua zote siku moja, wengine wanaachanisha. Mama wa Katuba aulize hilo waziwazi, maana upande ambao haujaguswa bado unaweza kuleta AVC, yaani kiharusi. Na matibabu ya drepano, kama kuongezewa damu, hayasimami kwa sababu ya operesheni.

KAZADI: Na akitakiwa kung'olewa jino?

MADO: Amwambie munganga wa meno kuhusu moyamoya na aspirini kabla ya siku yenyewe, ili azungumze na munganga aliyempasua. Na aombe zamu ya kwanza asubuhi. Mtoto huyu asikae kwenye benchi hadi mchana bila kunywa maji.