Neutroni Ziko Wapi?

Nimeombwa nizungumzie myeyungano wa nyuklia, yaani viini vyepesi vya atomi kuungana na kutoa nishati, na tayari namwona kijana pale nyuma ameandika: "deuteriamu mbili ni sawa na heliamu." Futa, mwanangu. Deuteriamu ni hidrojeni nzito, protoni moja na neutroni moja; zikiwa mbili ni protoni mbili na neutroni mbili, kama heliamu, hesabu inatimia, sikatai. Tatizo ni kwamba viini havijasoma daftari lako.

Deuteriamu mbili zikigongana na kuungana, karibu nusu ya mara hutoka tritiamu (hidrojeni yenye neutroni mbili) na protoni. Nusu nyingine, heliamu-3 (yenye neutroni moja tu) na neutroni. Wanasayansi Oliphant, Harteck na Rutherford waliyaona haya Cambridge mwaka 1934. Heliamu-4, ile ya daftari, nayo hutoka, ila kama mara moja katika milioni kumi, tena ikifuatana na mionzi ya gama.

Mtasema, kwa nini? Umewahi kuruka kutoka mtumbwini? Wewe mbele, mtumbwi nyuma. Nishati ya muungano hutaka vipande viwili vya kusukumana. Heliamu iliyo peke yake itamsukuma nani? Gama ingefaa kuwa mtumbwi, lakini hutoka kwa kusuasua. Kabla haijatoka, kiini kimeshapasuka.

Sasa twende Utah, Machi 1989. (Nyumbani nikianza hadithi hii watu hukumbuka wana kazi jikoni.) Wanakemia Pons na Fleischmann wakaita waandishi: tumepata myeyungano ndani ya chupa ya maji mazito (maji yenye deuteriamu) na kipande cha metali ya paladiamu, bila joto la jua. Ushahidi? Joto limezidi. Haya, tupige hesabu. Wati moja tu, isiyotosha hata balbu ya chooni, hudai miungano zaidi ya trilioni moja na nusu kila sekunde. Nusu yake hutoa neutroni. Hizo ni karibu trilioni moja kwa sekunde! Wao walidai wati kadhaa, na mbele ya kamera walisimama buheri wa afya. Waliosimama jirani na chupa ya namna hiyo, kwa mionzi ya neutroni hizo, tungewatembelea wodini.

"Lakini Profesa, labda ndani ya metali hutoka heliamu tupu." Najua, huniandikia barua. Basi nishati ya kila heliamu hiyo, elektronivolti milioni 23.8 (elektronivolti ni kipimo cha nishati cha viini), imejificha wapi? Nionyeshe gama. Huna? Na zile njia mbili za kawaida, ya tritiamu na ya heliamu-3, umezizibaje, kwa kipimajoto?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka: deuteriamu na tritiamu, wanayoitegemea wajenzi wa mitambo ya myeyungano, hutoa heliamu na neutroni ya elektronivolti milioni 14.1, yaani robo tatu na ushei ya nishati yote. Neutroni hiyo hugeuza chuma cha kuta kiwe na mionzi, kwa hiyo anayewaambia "safi kabisa" mwulizeni kuta atazizika wapi. Protoni na boroni-11 hutoa heliamu tatu, tamu sana, ila joto linalohitajika kuziunganisha si la mchezo. Hadithi ya lithiamu-7 na bomu la nyuklia la Bikini la 1954 nilikuja nayo, imebaki mkobani.

Maswali? Kijana wa daftari, umefuta?