Wasifu wa Mzee wa Reli: Namna ya Kuuandika

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za mchana.

Kuna sentensi ambayo wote mmeisikia msibani, wasifu wa marehemu unaposomwa: "Marehemu aliajiriwa Reli, akafanya kazi kwa uaminifu hadi alipostaafu." Baada ya hapo msomaji anaingia kwenye maradhi, mjane, watoto na wajukuu. Miaka 30 ya jasho imepita kwa pumzi moja. Leo tuishike sentensi hiyo, tuone namna watu ambao hawajawahi kugusa spana ya reli wanavyoweza kuijaza.

Tuanze na mwajiri, maana hapo wengi huteleza. Ukiandika "aliajiriwa TRC mwaka 1965", yaani Shirika la Reli Tanzania, umemwajiri mzee kwenye shirika ambalo halikuwapo. Tangu 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lenye makao yake Nairobi. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, reli ikabaki peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ikachukua chake, na TRC ikazaliwa. Baadaye, 2007, ikaja kampuni ya reli, TRL, na sheria ya 2017 ikalirudisha jina la TRC. Basi aliyeingia kazini 1965 akastaafu 1998 alikuwa na waajiri watatu, na huenda hakuwahi kuhama hata kituo.

Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, ni habari nyingine kabisa. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na upana wa njia yake ni milimita 1,067. Reli ya Kati ni milimita 1,000. Msiwachanganye wazee hawa, wenyewe hawapendi.

Halafu kazi yenyewe. "Alikuwa Reli" si kazi. Karani wa tiketi, fundi wa karakana, gadi wa treni, dereva na mtu wa gengi, yaani kikosi cha kutunza njia, waliishi maisha tofauti kabisa ingawa mshahara wao ulitoka mahali pamoja. Niwatolee mfano wa mtu wa gengi, kwa sababu ndiye anayesahaulika upesi kuliko wote. Dereva angalau alipungiwa mkono.

Gengi hupewa kipande chake cha njia na kukitunza mwaka mzima. Mataruma, yale magogo au vyuma vinavyolaliwa na reli, yakipangwa kila sentimita 70, kilomita moja ina mataruma zaidi ya 1,400, na kila moja linatakiwa kukaa imara juu ya kokoto. Njia ikititia mahali, reli huinuliwa kwa jeki, kisha kokoto hushindiliwa chini ya taruma. Hapa ndipo ufundi ulipo. Unashindilia chini ya reli zote mbili, ndani na nje ya kila reli, na katikati ya taruma unapaacha pakiwa legevu. Ukikaza katikati, taruma linakuwa kama ubao wa pembea: kila gurudumu likipita linabonyea ncha hii na ile, na likiwa la mbao mwisho linavunjika kiunoni. Kokoto zikichanganyika na udongo, mvua ikinyesha maji hayatoki, tope linapanda juu, na kazi ya wiki iliyopita inaanza upya.

Jua nalo lina mambo yake. Reli ya mita 12 ikipata joto nyuzi 30 zaidi ya ile ya alfajiri hurefuka kiasi cha milimita 4. Ni kidogo, lakini kwa kilomita nzima inafika karibu sentimita 35. Kwa hiyo kwenye maungio huachwa nafasi, na vile vibao vya chuma vinavyounganisha reli hupakwa grisi ili reli iweze kuteleza. Boliti zikishikwa na kutu, au mtu akizikaza kupita kiasi, reli haina pa kwenda, na siku ya jua kali njia nzima hupinda ubavuni. Kwa sababu hiyohiyo hutikisi kokoto saa nane mchana, kwani ndizo zinazoishikilia njia isihame. Kazi kubwa hufanywa mapema. Mtoto akisema "baba alikuwa anaondoka tukiwa bado tumelala", msimkatize. Hiyo ni habari ya kazi, iandikwe.

Muulizeni pia rafiki yake wa gengi juu ya kubeba reli. Reli ya pauni 80 kwa yadi ina uzito wa karibu kilo 40 kwa mita. Kipande cha mita 12 kinakaribia kilo 480. Watu 12 wakiinyanyua kwa koleo za kubania reli, kila mmoja ana kilo 40 mkononi, na mmoja akiachia kabla ya wenzake, vidole au mguu wa jirani yake ndio unaolipa. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kuitisha, ili wote wanyanyue na kutua kwa pamoja. Kama mzee alikuwa ndiye mwitishaji, basi aliaminiwa na wenzake, na jambo hilo lina uzito kuliko cheo chochote kwenye karatasi.

Aliyefanya kazi kati ya Kilosa na Gulwe aulizwe kuhusu mvua. Kule njia hufuatana na mto, maji hukata tuta chini ya mataruma, na reli hubaki zinaning'inia bila kitu chini yake huku kwa mbali zikionekana nzima. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu kipande hicho vibaya, safari zikasimama. Ukaguzi wa usiku wa mvua, kwa miguu, na taa nyekundu ya kumsimamisha dereva, ulikuwa sehemu ya ajira.

Kwa dereva na msaidizi wake nitasema moja tu: ulizeni injini gani. Wajukuu wanapenda kuandika kwamba babu "alitupia makaa ya mawe". Kama alikuwa kwenye zile injini kubwa za mvuke aina ya Garratt, za daraja la 59, zilizokuja 1955 na 1956 zikavuta mizigo ya Mombasa na Nairobi, hakutupia kitu. Zilichoma mafuta. Moja ipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, nambari 5918, na imepewa jina la mlima wa Tanzania, Gelai.

Sasa nyumbani. Uhamisho wa mzee wa Reli unasomeka kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake. Wa kwanza kazaliwa Tabora, wa pili Kaliua, wa tatu Uvinza, kitinda mimba Morogoro: vipangeni kwa miaka, mmepata ramani ya kazi ambayo hata mwenyewe angeisahau. Kisha mkalieni mama. Yeye ndiye aliyefunga vyombo kila barua ilipofika, akaanza upya kwenye kota nyingine na kutafuta shule katikati ya muhula. Msiandike "alikuwa baba mwema mwenye upendo". Hayo husemwa juu ya kila marehemu, hata waliotoroka nyumba zao. Andikeni alichofanya. Alimlipia nani ada, na yupi kati yao hakuwa mtoto wake? Akiwa mapumzikoni alipika, au alikaa na daftari za watoto? Tukio moja la namna hiyo latosha.

Karatasi zake msizigawe pamoja na nguo. Barua ya ajira, barua za uhamisho, kitambulisho, hati ya kustaafu: namba ya ajira iliyomo humo ndiyo itakayoulizwa kwenye mafao na mirathi. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya wanajua walivyohangaika ofisini na mahakamani miaka mingi. Angalieni na majina. Makarani wa zamani waliandika walivyosikia, na Saidi Juma wa barua ya ajira anaweza kuwa Juma Said kwenye cheti cha kifo. Hilo lisawazisheni mapema, kwa kiapo, kabla ya kufika dirishani.

Mkimaliza, hakikisheni wasifu hauzidi maneno 600. Kwa dakika 5 za ratiba hayo ndiyo yanayosomeka bila kukimbia. Msomeeni kwanza mzee mmoja aliyefanya naye kazi. Atawasahihisha majina ya stesheni, na mengine atawaomba myatoe. Myatoe.