Mdomo Mpana, Mwili Uliofura

Ndugu mwenyekiti, wanafunzi na wageni wetu, asanteni kwa nafasi hii.

Mwindaji na mawindo wakitajwa, wengi wetu tunawaza mbugani, kwa duma na swala. Mbio zile zimejengeka vizazi kwa vizazi. Hakuna swala aliyeota miguu mirefu kwa kuwa jana alikoswakoswa na duma. Lakini yapo madimbwi katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ambamo mwili haungoji kizazi kijacho.

Theluji ikiyeyuka, wanyama wawili hutaga humo. Mmoja ni chura wa kahawia. Wa pili ni salamanda, ambaye Afrika Mashariki hatuna: umbo la mjusi, ngozi laini yenye unyevu, jamaa wa vyura. Watoto wa salamanda huwala viluwiluwi wa chura, nao humeza windo zima bila kutafuna. Asiyeenea mdomoni amepona.

Sasa sikilizeni. Kiluwiluwi akiishi na watoto hao, mwili wake unafura, anakuwa mnene wa mviringo, hamezeki. Adui akiondolewa, mwili unanywea na kurudi ulivyokuwa. Mwaka 2004 watafiti Osamu Kishida na Kinya Nishimura walieleza kwamba kinachomfanya afure ni adui kuwa karibu kabisa, kiasi cha kugusana. Hilo lilinishangaza, maana viumbe wengi wa majini hutegemea harufu inayosafiri mbali, wakajiandaa mapema. Huyu anasubiri hatari imfikie mwilini! Na anajua kutofautisha: akiwekwa na mtoto wa mdudu kereng'ende, ambaye naye huishi majini na ni mla viluwiluwi, kinachobadilika zaidi ni mkia, unapanuka kwenda juu.

Salamanda naye hakai vivi hivi. Penye viluwiluwi wengi, baadhi ya watoto wake huota kichwa kipana na mdomo mkubwa. Wanapataje habari? Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha ni mtikisiko wa maji: mikia ya viluwiluwi inapopigapiga, salamanda anaisikia, na taya zinapanuka. Mkia ule ule unaomsaidia kiluwiluwi kukimbia ndio unaomnoa adui yake. Mimi sijaona mahali pengine ambapo kujibizana huku kwa miili kunaonekana wazi hivi, ndani ya msimu mmoja, kwenye beseni la maabara.

Mtaniuliza urithi una nafasi gani. Magharibi mwa Hokkaido kuna kisiwa cha Okushiri, chenye chura yule yule ila salamanda hayupo. Viluwiluwi wa huko wakiwekwa na salamanda hufura pia, lakini hawawafikii wenzao wa Hokkaido. Watafiti wakawazalisha vyura wa visiwa hivyo viwili pamoja. Watoto waliopatikana wakafura kwa kiasi cha katikati, ishara kwamba kiasi cha kufura hurithiwa.