Shilingi Kumi na Sumni: Arsenal Ilivyozaliwa Kiwandani na Kiwanda Kilivyotaka Kuiua

Shikamooni wakubwa zangu, vijana mambo. Kaeni tu, na nyie wa mlangoni sogeeni huku mbele kuna viti, msiogope siulizi maswali.

Naona jezi nyekundu zimejaa humu ndani, na nawajua nyie, kila mmoja hapa anaweza kunitajia kikosi cha 2004 kile cha mechi 49 bila kufungwa, namba moja mpaka kumi na moja na waliokuwa benchi. Sawa. Ila leo siongelei hao. Leo naongelea jamaa waliochanga sumni.

Watangazaji wetu wanaiita timu hii Washika Bunduki, wengine Washika Mtutu, na jina limekaa, halitoki tena. Mi nalipenda lakini lina kasoro ndogo, wale jamaa wa mwanzo hawakushika bunduki, walikuwa wanazitengeneza. Mafundi mitambo, watu wa mashine, mikono ina grisi. Kiwanda kilikuwa cha serikali ya Uingereza, kinaitwa Royal Arsenal, kipo Woolwich, kusini mashariki ya London kando ya mto Thames, kinatoa mizinga, risasi, mabomu, kila kitu cha jeshi. Ndo maana mpaka leo kwenye nembo kuna mzinga.

Na hilo neno lenyewe arsenal ngoja niwaambie kitu mtakachoenda nacho nyumbani. Asili yake ni Kiarabu, dar as-sinaa, yaani nyumba ya kutengenezea vitu. Wataliano wa Venice wakalibeba wakalikunja mpaka likawa arsenale, Waingereza nao wakalichukua wakakata mkia. Kwahiyo ile dar ya Arsenal ndo dar hii hii ya Dar es Salaam, na sinaa ni ndugu wa damu na neno letu sanaa. Ukibishana na shabiki wa Spurs, yaani Tottenham, wapinzani wetu wa jadi wa London, mwambie timu yangu jina lake ni nusu Kiswahili, muone atajibu nini.

Haya turudi Woolwich. Mwaka 1886. Ndani ya kiwanda kuna karakana moja inaitwa Dial Square, imeitwa hivyo kwa sababu ya saa ya jua iliyowekwa juu ya lango mwaka 1764 (saa ya jua, London, yenye mawingu yale, mi sijui waliwaza nini). Hapo karakanani kuna Mskochi mmoja David Danskin, kuna Jack Humble kijana wa Durham kaskazini huko, ambaye inasimuliwa baada ya kufiwa na wazazi yeye na kaka yake walitembea kwa miguu mpaka London kutafuta kazi. Kuna Elijah Watkins, kuna Fred Beardsley ambaye alishakaa golini Nottingham Forest. Mnaona hapo? Hawa wote ni wakuja. Woolwich yenyewe watu wake enzi hizo walikuwa wa kriketi na raga, mpira wa miguu uliletwa na wahamiaji waliofuata ajira, kama ambavyo mtu akitoka Kigoma kuja Dar anakuja na ngoma yake.

Danskin akapitisha mchango. Watu 15 wakatoa sumni sumni, ile senti hamsini, peni sita za Waingereza ni nusu shilingi kamili. Danskin mwenyewe akaongeza shilingi tatu. Pigeni hesabu: 15 kwa sumni ni saba na nusu, ongeza tatu, ni shilingi kumi na sumni. Hiyo ndo mtaji wa kwanza wa Arsenal. Hakuna tajiri, hakuna mdhamini, hakuna bosi wa kiwanda aliyekuja na hotuba. Wakanunua mpira, timu wakaiita Dial Square kama karakana yao.

Mechi ya kwanza tarehe 11 Disemba 1886, ng'ambo ya mto sehemu inaitwa Isle of Dogs, wanacheza na Eastern Wanderers, wakashinda 6-0. Watkins alikuja kusimulia baadae kwamba uwanja ule kuuita uwanja ni heshima tu, upande una mtaro wa maji taka wazi, mpira ukidumbukia mnajua wenyewe. Sisi tuliocheza kwenye viwanja vya mtaani hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Sikukuu ya Krismasi mwaka huo huo wakakutana kwenye baa moja inaitwa Royal Oak, wakaona jina Dial Square dogo, wakajiita Royal Arsenal.

Jezi sasa. Hela hawana. Beardsley akawakumbuka rafiki zake wa zamani, wakaenda kuwapiga mzinga Nottingham Forest, yaani watengeneza mizinga wakapiga mzinga, na Forest bila hiyana wakawapa seti ya jezi nyekundu na mpira. Ndo rangi hiyo mliyovaa. Na Forest wao walichagua nyekundu kwa ajili ya Garibaldi, mpigania uhuru wa Italia ambaye watu wake walivaa mashati mekundu. Kwahiyo jezi yako hiyo uliyonunua Kariakoo juzi imetoka kwa msaada, na huo msaada nao umetoka kwa mwanamapinduzi.

Sasa niingie kwenye kitu nilichokuja kusema hasa, maana hayo ya mwanzo wengi mmeshasikia vipande vipande. Watu wanapenda ile stori kwamba timu ilikuwa ya wafanyakazi alafu matajiri wakaja wakaipora. Mi naona sio hivyo, au tuseme sio hivyo tu. Kilichoizaa timu ni kiwanda, na kilichotaka kuiua timu ni kiwanda hicho hicho.

Angalieni. Miaka ya kwanza kiwanda kilikuwa baraka tupu. Kina maelfu ya watu, Jumamosi mchana wanatoka kazini, mshahara upo mfukoni, uwanja upo jirani, wanaenda. Mchezaji mzuri wa Skotland unamvutaje aje kwako wakati timu ni ya ridhaa, hailipi wachezaji? Unamtafutia kazi kiwandani, anashika mashine wiki nzima, Jumamosi anashika namba. Timu ikawa kali kweli London yote.

Lakini ukiwa mkali unaonekana. Januari 1891 wakakutana na Derby County kombe la FA, lile la chama cha mpira cha Uingereza, wakafungwa 2-1, na mechi imeisha tu Derby wakaanza kuwanong'oneza wachezaji wawili wa Arsenal, njooni kwetu tunalipa. Hapo Humble na wenzake wakaona wasipolipa na wao wataachwa na mipira tu. Mwaka huo huo wakaamua kuwa timu ya kulipwa. Wakubwa wa mpira London, London FA, ambao kwao mpira ulikuwa mchezo wa waungwana wasiohitaji hela, wakawafungia kwenye mashindano yao. Mtu ana mashamba ya babu yake anamwambia fundi wa mashine acheze bure kwa heshima ya mchezo! Hiyo mi mpaka leo inanikera na wala sikuwepo.

Basi wakawa hawana wa kucheza naye wa maana kusini, mwaka 1893 wakaingia Football League, ligi ya timu za kulipwa za Uingereza, daraja la pili, timu ya kwanza ya kusini kuingia humo. Ligi nzima ipo kaskazini na katikati, kuna Newcastle, Liverpool, Grimsby, Lincoln, nao wapo peke yao huku chini. Mechi ya kwanza wakatoka 2-2 na Newcastle nyumbani. Lakini fikiria nauli za treni, kila baada ya wiki mbili unavuka nchi, na wao wanaokuja kwako mashabiki wao hawawezi kukufuata kote huko kwahiyo mlangoni hupati kitu.

Na mwaka huo huo mwenye uwanja wa Invicta waliokuwa wamepanga akapandisha kodi. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba, hata Uingereza. Ikabidi wanunue eneo lao, Manor Ground pale Plumstead jirani na Woolwich, na kununua kunataka hela nyingi kuliko sumni, ndo ikabidi timu iwe kampuni yenye hisa, jina likawa Woolwich Arsenal. Humble miaka miwili nyuma alikuwa amelikataa wazo la kampuni, alitaka timu iendeshwe na wafanyakazi wenyewe. Safari hii ikapita. Hisa zenyewe lakini wengi walionunua walikuwa watu wa kiwandani na majirani, hisa moja moja mbili mbili, kwahiyo bado timu ilikuwa yao kwa karatasi.

Sio wote walikubali. Wapo waliosusa wakaenda kuunda timu nyingine ya kiwanda, Royal Ordnance Factories, hii ndo ibaki ya wafanyakazi kweli kweli. Miaka mitatu tu na kidogo ikafa. Hiyo timu inanifikirisha kuliko Arsenal yenyewe, maana wale ndo walikuwa na msimamo, na leo hakuna hata mmoja wetu hapa aliyewahi kusikia jina lao mpaka dakika hii.

Haya, vita ya Makaburu Afrika Kusini, 1899 mpaka 1902. Serikali inataka silaha, kiwanda kinapiga ovataimu, Jumamosi mchana watu wapo kazini. Nani aende mpirani? Uwanja ukawa mtupu. Ungedhani kiwanda kikichangamka timu inachangamka, kumbe kinyume chake. Alafu vita ikaisha, oda zikapungua, watu wakapunguzwa kazi, sasa muda wa kwenda mpirani wanao ila hela ya kiingilio hawana. Wapo waliosimama juu ya tuta la bomba kubwa la maji taka lililopita pembeni ya uwanja wanaangalia bure. (Maji taka na timu hii jamani, toka siku ya kwanza.)

Uwanjani walikuwa sio wabaya, 1904 wakapanda daraja la kwanza, 1906 na 1907 nusu fainali za kombe la FA mfululizo. Lakini mlangoni hali mbaya. 1905 Chelsea ikazaliwa, ipo mahali rahisi kufika, wakati kwenda Plumstead kutoka katikati ya London ni safari ya kuchukua chakula. Alafu serikali ikahamisha karakana ya torpedo, yale mabomu ya majini, ikaipeleka Greenock huko Skotland, 1910, na wafanyakazi na familia zao wakaondoka nayo. Ndo mwaka huo huo timu ikafilisika. Hisa mpya zikatangazwa, watu wa Woolwich safari hii hawakuwa na uwezo, na akaingia Henry Norris, mfanyabiashara wa majumba na mwenyekiti wa Fulham.

Norris huyu sio malaika, tusidanganyane. Kwanza alitaka kuiunganisha Arsenal na Fulham, ligi ikagoma. Na baada ya vita ya kwanza, 1919, ligi ilipoongeza timu daraja la kwanza, Arsenal ambayo haikuwa hata kwenye nafasi tatu za juu daraja la pili ilipigiwa kura 18 na Spurs waliokuwa daraja la kwanza wakapata 8, na Spurs mpaka kesho hawajasahau. Baadae FA wakaja kumfungia kwa mambo ya hela za klabu. Lakini swali langu kwenu: 1910 asingeingia, nani angeingia? Mi sijamuona.

Msimu wa 1912/13 ndo ulikuwa msiba. Mechi 38, ushindi tatu tu, mkiani kabisa, wakashuka. Norris akasema basi. Akapata kiwanja cha chuo cha mambo ya dini kule Highbury, kaskazini ya London, stesheni ya treni ya chini ipo mlangoni. Mkataba wa kwanza ukawakataza kucheza Ijumaa Kuu na Krismasi. Spurs na Orient, timu nyingine ya London, wakalalamika wanaingiliwa mtaani kwao, hawakusikilizwa. Septemba 1913 Arsenal ikacheza pale na Leicester Fosse ikashinda 2-1, na msimu huo mashabiki wakawa zaidi ya mara mbili ya wale wa Plumstead. Neno Woolwich likaondolewa kwenye jina mwaka uliofuata. Stesheni yenyewe ilikuja kuitwa Arsenal mwaka 1932, hiyo kazi ya kocha Herbert Chapman, lakini Chapman anahitaji jioni yake peke yake, tusimguse.

Na hapa ndo pananichomaga. Timu imeondoka Woolwich 1913. Mwaka mmoja baadae vita kuu ikalipuka, na kile kiwanda kikajaa watu kama hakijawahi kujaa, karibu elfu themanini, wanawake kwa maelfu. Wateja wote wale, pale pale, na uwanja haupo tena.

Humble yeye aliendelea kuwa mkurugenzi miaka mingi, akaishi mpaka akaona kombe la FA la 1930 na ubingwa wa kwanza wa 1931, akafariki mwisho wa mwaka huo. Danskin alihamia Coventry kwenye viwanda vya magari, akafa 1948. Kiwanda kilifungwa 1967, sasa hivi ni maghorofa ya kuishi, ila lango la Dial Square lipo, na saa ya jua ipo juu yake.

Ndio, mzee wangu wa mbele, naona mkono. Anauliza wale watu wa Woolwich timu ilipohama walifanyaje. Swali zuri. Wapo walioendelea kupanda treni kuifuata Highbury, nauli juu yao. Lakini mwaka 1905, mtaa wa pili tu, vijana wadogo wa Charlton walishaanzisha timu yao, wakati huo ya watoto watoto tu, hakuna aliyeijali kwa sababu Arsenal ipo jirani. Arsenal ilipoondoka ile timu ikapata hewa, 1921 nayo ikaingia Football League. Ndo Charlton Athletic hiyo. Jezi yao nyekundu pia.